Vitabu sita vilivyoletwa kwa ajili ya mgongo

Leo asubuhi mezani kwangu kuna vitabu sita vilivyoletwa kwa ajili ya mgongo mpya, vingine nimeshavimaliza. Nimevipanga kwa zamu vilivyokuja. Kila kimoja nimekichomeka kikaratasi chenye namba ya simu ya mwenyewe na siku ya kuja kukichukua, na chini yake kuna mstari mmoja ambao wateja wapya hunishangaa ninapouandika. Ni jibu la swali langu: unakisoma kwa nini?

Nina fremu ya steshenari hapa Majengo, Dodoma, huu mwaka wa tisa. Kodi naipata kwenye kopi, picha za paspoti, kulamineti vyeti na kubaindi ripoti za wanafunzi wa vyuo. Kujalidi vitabu ni kazi niliyoachiwa na baba, aliyekuwa fundi wa kiwanda cha uchapaji enzi za uzi na nta. Aliniachia sindano mbili kubwa za kushonea magunia, rula ya chuma, na vipande viwili vya ubao wa mninga vya kubania. Haina hela nyingi. Mgongo ukiwa umebanduka tu natoza elfu tatu, kikitaka kushonwa upya elfu tano. Lakini ndiyo kazi inayonifanya niamke nikiwa na hamu ya kufungua fremu, maana kitabu hakifiki kwangu mpaka kiwe kimesomwa kweli kweli. Kinacholala kabatini hakivunjiki mgongo. Kinacholetwa hapa kimeshalaliwa, kimeshabebwa kwenye mkoba pamoja na nyanya, kimeshamwagikiwa chai.

Tena kitabu kina namna yake ya kusema. Ukikisimamisha mezani kwa mgongo ukakiachia taratibu, hujifungua chenyewe pale mwenyewe anaporudia rudia. Biblia za akina mama wa mtaa huu nyingi hufunguka kwenye Zaburi. Misahafu huja imelegea juzuu ya mwisho, juzuu ya Amma, kwa sababu ndiyo watoto wanayoanzia madrasa. Msahafu naupokea kwa mikono iliyonawa na siuweki chini, hilo nalo alinifundisha baba, ambaye alikuwa Mwanglikana.

Nilianza kuuliza baada ya yeye kuondoka. Tulipokuwa tunapanga vitu vyake tulikuta kando ya kitanda riwaya ya Aniceti Kitereza, Bwana Myombekere na Bibi Bugonoka, na katikati yake ameweka kipande cha uzi mwekundu. Hakuwa amefika mwisho. Miezi yote ile ya ugonjwa nilimwona nacho. Nilimpelekea uji, nikamrekebishia mto, nikafungua dirisha akilalamika joto, na sikumuuliza hata siku moja kile kitabu kinampa nini. Baadaye ndipo nikaja kujua kwamba Kitereza alikiandika kwa Kikerewe akakimaliza mwaka 1945, akakosa wa kukichapa, akakifasiri mwenyewe kwa Kiswahili, na kikatoka mwaka 1980 akiwa mzee wa zaidi ya miaka themanini. Ni hadithi ya mke na mume wanaopendana sana na wamekosa mtoto. Mimi ni mtoto wa pekee, na nilizaliwa wazazi wangu wakiwa wamekaa kwenye ndoa miaka kumi na mmoja. Labda ndiyo sababu. Labda alipenda tu zile kurasa ndefu za kilimo na uvuvi na jinsi ya kumpokea mgeni. Sitajua. Kwa hiyo sasa namuuliza kila mtu, hata kama ana haraka.

Cha kwanza kwenye mstari ni cha kijana wa bodaboda anayeegesha hapo kona. Ni mojawapo ya riwaya za Elvis Musiba, zile za mpelelezi Willy Gamba, karatasi zake zimekuwa rangi ya chai ya rangi. Anakiweka chini ya kiti cha pikipiki, ndani ya mfuko wa unga. Kurasa za mwisho hazipo, alikipata hivyo hivyo kwa kaka yake. Jibu lake nimeliandika kama alivyolisema: "Dada, nataka kujua alitokaje." Wateja wawili wa umri wangu walioko hapa walipomsikia walimsimulia mwisho wanaoukumbuka, kila mmoja wa kwake, na hazikufanana. Akaondoka na njia mbili za kutoka. Kama kuna anayesoma hapa na ana riwaya za Musiba nyumbani zilizokamilika, asizitupe.

Cha pili ni Takadini cha Ben Hanson. Hiki kwa miaka mingi kimekuwa kwenye orodha ya vitabu vya Kiingereza vya sekondari, kwa hiyo nimejalidi nakala nyingi na nilikuwa nimeacha kuuliza sababu ya kukisoma. Sababu ni mtihani. Hiki kililetwa na binti wa kidato cha tatu mwenye ualbino, amevaa kofia pana na shati la mikono mirefu kwenye jua la saa nane la Dodoma. Hadithi yenyewe ni ya Sekai, mama aliyejifungua mtoto mwenye ualbino huko Zimbabwe ya zamani, akatoroka naye usiku ili asiuawe. Nilipokifungua nikaona pembezoni mwa kila ukurasa kuna maneno ya Kiswahili kwa penseli, madogo kama punje za ulezi. Nikadhani ni ya darasani.

"Hapana, mama," akaniambia, "namsomea mama yangu usiku. Kiingereza hajui. Mchana natafuta maneno magumu nikiwa shule, nayaandika hapo ili nikifika nyumbani nisikwame."

"Mmefika wapi?"

"Tumeshamaliza mara mbili. Anataka turudie pale Sekai anapovuka mto."

Kazi yake sikutoza, na mwanzo alikataa. Tukakubaliana atanilipa kwa kunisomea ukurasa mmoja siku ya kuja kukichukua, kwa Kiswahili chake. Nilitumia muda mrefu kwenye kitabu hicho kuliko nilivyohitaji. Kwa kawaida nikishona upya hupunguza kingo kwa wembe ili kurasa zilingane, lakini hapa kila milimita ya pembeni ina neno la penseli, kwa hiyo nimeziacha kingo kama zilivyo, zimepanda zimeshuka.

Cha tatu ni Vuta N'kuvute cha Adam Shafi, mali ya kaka mmoja mtumishi wa serikali aliyehamia huku na ofisi yake. Tangu serikali ilipoanza kuhamia Dodoma kwa kasi baada ya mwaka 2016 nimepata wateja wengi wa namna yake: watu wa pwani waliokuja kwa barua ya uhamisho, familia ikabaki. Yeye ni wa Tanga. Riwaya hiyo ilitoka mwaka 1999, ni ya Zanzibar ya miaka ya ukoloni, ya Yasmin, binti mdogo wa Kihindi aliyeozwa mwanamume wa makamo, akaondoka kwenye ile ndoa na kutafuta maisha yake. Nilidhani atanijibu habari za Yasmin na Denge, kijana anayempenda. Akasema: "Dada yangu, hapa kwenu upepo ni wa vumbi. Nikifungua hiki nasikia maji." Hukisoma kwenye treni ya mwendokasi Ijumaa jioni akienda Dar es Salaam kuungana na gari la Tanga, na Jumapili akirudi. Tangu treni hiyo ianze kufika Dodoma mwaka 2024 anasema amesoma kuliko miaka yake yote ya ajira, kwa kuwa basi lilikuwa linamtia kichefuchefu akishika kitabu. Yeye ndiye aliyeniazima kitabu ninachosoma sasa, nitakifikia.

Cha nne ni Rosa Mistika cha Euphrase Kezilahabi. Mwenyewe ni muuguzi wa zamu za usiku, ana mabinti watatu. Kitabu hiki kina umri wa zaidi ya miaka hamsini, kilitoka 1971 na kiliwahi kupigwa marufuku mashuleni, na kinajifungua chenyewe pale Zakaria anapompiga binti yake Rosa kwa sababu ya barua ya mvulana. Jibu la muuguzi lilikuwa fupi: "Nakiacha makusudi mahali baba yao atakiona." Sikuuliza zaidi.

Cha tano ni Biblia ya mama anayeuza karanga za kukaanga mbele ya fremu yangu. Zaburi, kama nilivyosema.

Sasa cha sita.

Wiki iliyopita aliingia babu mmoja na mjukuu wake wa kiume wa miaka kama kumi na mbili. Ameshika kitu kilichofungwa kwenye kipande cha kanga. Alinisalimia kwa Kigogo, "Mbukwa," nami nikamwitikia "Mbukwenyi," kisha nikaongeza shikamoo, maana kwa mtu wa umri ule salamu moja haitoshi. Akaketi, akafungua kanga. Ndani kulikuwa na Historia, Mila na Desturi za Wagogo wa Tanganyika cha Mathias Mnyampala, chapa ya mwaka 1954.

Nilikuwa nimesikia habari za kitabu hicho tangu utoto na sikuwahi kukigusa. Mnyampala wengi tunamjua kwa mashairi na ngonjera. Ngonjera zile tulizokariri shule ya msingi, tukisimama mistari miwili tukijibizana mbele ya wazazi, yeye ndiye aliyezikuza baada ya Azimio la Arusha. Lakini kabla ya hapo alikuwa amezunguka kwa wazee akikusanya habari za koo na watemi wa Ugogo, akaziandika kwa Kiswahili ili na wengine wasome. Alizaliwa Ihumwa mwaka 1917, akafariki 1969. Ihumwa ni hapo tu, ukitoka mjini barabara ya Morogoro kuelekea Mtumba palipojengwa Mji wa Serikali. Babu naye ni wa Ihumwa.

Hali ya kitabu ilikuwa mbaya. Jalada halipo, mahali pake kumewekwa kadibodi ya kalenda iliyoshonwa kwa katani. Pini za zamani zimeota kutu na kutu imekula karatasi pande zote mbili. Mchwa wamepita pembe ya chini kuanzia mwanzo mpaka karibu katikati, na njia yao inaonekana kama mto kwenye ramani.

"Babu, unakisoma kwa nini?"

Alifikiri kidogo. Mjukuu wake alitaka kumjibia, akamzuia kwa mkono.

"Kule kwetu wanapima viwanja," akasema. "Wamekuja vijana na mashine zao za miguu mitatu, wametupatia namba. Hapa kitalu hiki, hapo kitalu kile. Si vibaya, hata mimi nimepata hati. Lakini kilima kilichoko nyuma ya nyumba yangu kina jina, na korongo lina jina, na mbuyu ule walioacha barabarani una jina. Huyu mtoto anaujua kwa namba ya kiwanja. Nasoma humu nione mangapi waliyaandika, yaliyobaki nimwambie mwenyewe."

Kisha tukazungumza juu ya mwaka 1917. Nilisema, bila kufikiri sana, kwamba Mnyampala alizaliwa vita ikiendelea. Babu akatikisa kichwa, akasema neno moja: Mtunya.

Kwa wasiotoka huku: Mtunya ni jina la njaa kubwa iliyoipiga Ugogo kuanzia mwaka 1917 hadi 1920. Majeshi ya Wajerumani yalichukua ng'ombe, nafaka na wapagazi, yakaja ya Waingereza nayo yakachukua, na mvua zikakataa. Aliyeandika kitabu kile alikuwa mtoto wa kubebwa mgongoni wakati huo. Mama yake babu alikuwa msichana wa miaka kama tisa.

"Mama aliwekwa," babu akasema. "Baba yake alimpeleka kwa watu wenye chakula, akapewa pishi kumi za uwele. Mvua ikinyesha angemkomboa. Alikaa huko miaka minne. Aliporudi alikuwa amesahau majina ya wadogo zake, na wawili hawakuwepo tena."

Alisema hivyo kwa sauti ile ile aliyotumia kueleza viwanja. Mjukuu alikuwa anamtazama, na nadhani naye alikuwa anaisikia kwa mara ya kwanza.

Lazima nieleze kwa nini niliinuka nikajifanya natafuta uzi. Usiku wa kuamkia siku hiyo nilikuwa nimeanza kusoma Peponi, ile riwaya ya Abdulrazak Gurnah aliyepata Tuzo ya Nobel mwaka 2021. Ndiyo aliyoniazima yule kaka wa Tanga. Aliiandika kwa Kiingereza, ikatoka 1994, na mwaka 2022 ikatoka Kiswahili chake kilichofasiriwa na Ida Hadjivayanis. Inaanza na mtoto wa miaka kumi na miwili, Yusuf, anayechukuliwa kwao na tajiri Aziz. Mtoto anadhani ni ami yake na anafurahia safari ya treni. Ni Khalil, kijana anayemkuta dukani, ndiye anayemweleza kwamba Aziz si ami yake hata kidogo. Baba yake alikuwa anadaiwa, na yeye ni rehani.

Nilikuwa nimefika hapo nikazima taa. Asubuhi yake babu akaketi kwenye stuli yangu akasema, "Mama aliwekwa."

Tangu siku hiyo nasoma vitabu viwili kwa pamoja, kimoja mchana kikiwa kwenye ubao, kingine usiku. Katika Peponi wafanyabiashara wa pwani wanafunga mizigo na kwenda bara na msafara, na wanapozungumza juu ya watu wa huko huwaita washenzi. Gurnah anayaandika maneno hayo midomoni mwa wanaosafiri, na anayaacha yasikike jinsi yalivyo. Nikiyasoma nikiwa Majengo najikuta nimekaa upande wa pili, upande wa wanaoutazama msafara ukija. Misafara ya karne ya 19 kutoka Bagamoyo kwenda Tabora na Ujiji ilipita hapa Ugogo, na wazee wetu waliitoza hongo, yaani ushuru wa kupita. Waliopita walilalamika sana. Lakini maji ya huku hupatikana kwa kuchimba mchanga wa korongo kwa mikono, na kisima cha watu ishirini kikinyweshwa msafara wa watu mia tano na punda wao, kesho yake ng'ombe wa mwenye kisima watakunywa nini? Hayo Mgogo anayajua bila kuambiwa. Ndiyo maana nashukuru kwamba mezani pangu kuna kitabu cha mtoto wa Ihumwa aliyeamua kuandika habari za kwao mwenyewe, na kwamba kiko kando ya kile kingine.

Kinachoniuma ni kwamba nimeuliza maduka matatu ya vitabu mjini hapa na hakuna hata moja lililokuwa na kitabu cha Mnyampala. Kilifasiriwa kwa Kiingereza na Gregory Maddox, kikachapishwa Marekani mwaka 1995, na mwanafunzi mmoja wa chuo aliwahi kunipa kopi za tafsiri hiyo nizibaindi. Mgogo wa leo kukipata kwa Kiingereza ni rahisi kuliko kukipata kwa lugha kilichoandikiwa. Ningependa sana kichapwe tena, na ningependa kiuzwe Dodoma.

Kukitengeneza kumenichukua siku sita. Pini nilizitoa moja moja kwa ncha ya wembe huku nikipuliza vumbi la kutu. Sikutumia gundi ya dukani, ikikauka hukaza karatasi kuukuu mpaka ikapasuka. Nilipika uji mwepesi wa ngano, nikauchuja kwa kitambaa, nikauacha upoe. Pembe zilizoliwa nimezijazia karatasi nyembamba, kipande kwa kipande, nikikichana kwa vidole badala ya mkasi ili nyuzi zake zishikane na za karatasi ya zamani. Kurasa nilizozitengeneza mchana nilizipumzisha chini ya mninga usiku mzima. Uzi niliupitisha kwenye nta ya mshumaa mara tatu kama baba alivyokuwa akifanya, kisha nikashona matundu matano. Kadibodi ya kalenda sikuitupa. Kwa ndani yake babu alikuwa ameandika kwa kalamu ya wino tarehe walizozaliwa watoto wake wote, kwa hiyo nimeibandika ndani ya jalada jipya, upande wa nyuma.

Jana nilimpigia kwamba kiko tayari. Miguu inamsumbua na njia ya kwao ina tope tangu mvua za wiki hii, kwa hiyo Jumapili baada ya ibada nitapanda daladala nimpelekee mwenyewe. Nilimweleza kwamba nimeongeza karatasi nane tupu mwishoni, zimeshonwa pamoja na nyingine, haziwezi kuchomoka. Aliuliza ni za nini. Nikasema ni za kilima, korongo na mbuyu. Alinyamaza kidogo, nikasikia akimwita mjukuu. Mwandiko wake unatetemeka siku hizi, akasema, kwa hiyo yeye atataja na mtoto ataandika, na akaniomba nije na penseli mbili.